Mechnikov na Tumbo la Seli

Projekti yangu ya mwaka wa mwisho ni vifuko vya polima vinavyopeleka dawa ndani ya seli. Nilisoma makala za kisasa wiki mbili, sikuambulia kitu. Aliyenifungua macho ni mzee aliyefariki mwaka 1916, Ilya Mechnikov.

Jamaa alizaliwa 1845 karibu na Kharkiv, Ukraine ya leo. Kozi ya miaka minne aliimaliza kwa miwili, wakati sisi tunaomba tu tusipate sapu. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, binti aliyekuwa anaumwa TB kiasi kwamba siku ya ndoa alibebwa kwenye kiti kuingizwa kanisani. Dawa haikuwepo. Mume alihangaika naye huku na kule akitafuta hali ya hewa nzuri, na mwaka 1873 Ludmila akafia kisiwani Madeira. Mechnikov alijaribu kujiua, akanusurika.

Alikuja kuoa tena. Mwaka 1882 wakiwa Messina, Italia, familia ilienda sarakasi, yeye akabaki na hadubini yake. Alichoma miiba ya waridi kwenye miili ya viti vya pweza wachanga, ambao ni angavu kama kioo. Asubuhi akakuta seli zinazotembea zimeizingira miiba. Akasema hizo ndizo askari wa mwili, kazi yake kumeza wavamizi. Alibishiwa miaka na miaka. Nobeli akaipata 1908, akigawana na Paul Ehrlich.

Ila kwangu mimi jaribio lake kubwa ni lile dogo ambalo watu hulipita. Alilisha viumbe vya seli moja chembe za litimasi ya bluu, ile ile ya maabara ya sekondari. Zilipomezwa, zikageuka nyekundu. Yaani seli ina tumbo, na tumbo hilo lina asidi!

Hapo ndipo projekti yangu ilipokaa sawa. Damu ina pH kama 7.4. Seli ikimeza kitu inakifungia kwenye kijifuko kinachozidi kuwa chachu, hadi karibu 5. DNA au protini ikiachwa humo inasagwa, dawa imekwisha. Sasa wanakemia wanatumia polima zenye amini. Kwenye damu sehemu hiyo inakimbia maji, kwa hiyo polima zinajipanga kuwa ukuta wa kifuko na dawa inakaa ndani. Kwenye asidi amini zinadaka protoni, chaji zinaanza kusukumana, ukuta unasambaratika na dawa inapata upenyo wa kutoroka kabla haijasagwa. Kilichokuwa kinaua dawa ndicho kimefanywa ufunguo.

Na kuna hili. Bakteria wa TB, ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka huo huo wa 1882, anapenda kuishi ndani ya seli zile zile zinazomeza, na ni mjanja, anazuia kijifuko chake kisichachuke vya kutosha. Vifuko vya polima vyenye rifampisini vimejaribiwa kwenye seli hizo maabara. Wodini bado, mgonjwa wa kawaida anaendelea na vidonge miezi sita. Maana yake, kilichomuua Ludmila kilikuwa kimejificha ndani ya seli ambazo mumewe alikuja kuzielewa miaka tisa baada ya kumzika.

Supavaiza kasema habari za Ludmila niziondoe kwenye ripoti. Nimeziondoa, nimezileta huku.