Bill Travers na deni la tembo Pole Pole

Sisi tunaoishi kati ya Mbeya na Iringa tunamjua tembo kwa njia mbili. Yuko tembo wa picha za Hifadhi ya Ruaha, anayependwa na wageni. Na yuko tembo wa usiku, anayeingia mashambani huko Idodi na Pawaga na kumaliza chakula cha mwaka mzima. Leo tunapenda kukusimulia maisha ya mwigizaji mmoja wa Uingereza aliyemjua tembo kwa njia ya tatu: alimwacha mmoja apelekwe kifungoni, kisha akatumia miaka yake ya mwisho kulipa deni hilo.

Bill Travers alizaliwa tarehe 3 Januari 1922 huko Sunderland, kaskazini mwa Uingereza. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa afisa katika kikosi cha Wagurkha, akatumikia India na Burma, nchi ambayo vijana wengi wa Tanganyika walipigana pia wakiwa askari wa KAR. Baadaye alishushwa kwa mwavuli Malaya, nyuma ya majeshi ya Wajapani. Vita vilipokwisha aliingia katika uigizaji. Jina lake lilivuma mwaka 1955 kwa sinema ya Geordie, alimoigiza kijana wa Uskoti aliyekuwa dhaifu wa mwili, akajizoeza mpaka akawa mrusha nyundo wa Olimpiki. Wamarekani wakamwita Hollywood, akaigiza pamoja na Ava Gardner, lakini makao yake hayakuwa huko. Mwaka 1957 alimwoa mwigizaji Virginia McKenna, nao wakafanya kazi pamoja miaka mingi.

Kazi iliyogeuza maisha yao iliwaleta Kenya. Sinema ya Born Free, iliyotoka mwaka 1966, ilitokana na kitabu cha Joy Adamson juu ya Elsa, simba yatima aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini. Travers alimwigiza George Adamson, mume wa Joy, aliyekuwa bwana nyama. Adamson mwenyewe alikuwapo kuwafundisha namna ya kuishi na simba bila woga na bila dharau. Kazi hiyo haikuwa mchezo: simba mmoja alimwangusha Virginia akavunjika kifundo cha mguu.

Dunia ilifurahia sinema iliyosifu uhuru wa Elsa. Lakini upigaji picha ulipokwisha, simba wengi walioigiza ndani yake walipelekwa kwenye bustani za wanyama, wakafungiwa. Travers na mkewe waliwaombea wote. Walifanikiwa kwa watatu tu, Boy, Girl na Ugas, waliokabidhiwa kwa Adamson huko Meru. Travers akatengeneza filamu ya televisheni kuhusu simba hao watatu. Mwaka 1970 aliingia katika duka la samani jijini London, akamkuta humo simba kijana aitwaye Christian. Alisaidia mpango wa kumpeleka kwa Adamson huko Kora, naye Christian akazoea pori.

Habari ya Pole Pole ndiyo yenye uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Travers na mkewe walikuwa Kenya wakipiga sinema nyingine, An Elephant Called Slowly. Mmoja wa wahusika alikuwa ndama wa tembo, Pole Pole, aliyekamatwa porini ili awe zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Walimpenda, wakaomba kumnunua ili abaki nyumbani kwao Afrika. Wakajibiwa kwamba wakimchukua huyo, atakamatwa mwingine badala yake. Hawakutaka ndama wa pili atenganishwe na wenzake, basi wakamwacha aende.

Mwaka 1982 walikwenda London kumtazama. Walimkuta peke yake nyuma ya vizuizi. Walipomwita kwa jina alisogea, akawanyoshea mkonga. Walijitahidi apelekwe mahali pazuri zaidi, lakini mwaka 1983, katika matayarisho ya kumhamisha, alianguka baada ya kusimama muda mrefu ndani ya sanduku la kusafirishia. Hakupona, akauawa ili asiteseke. Alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, na tembo huweza kufikisha miaka 60.

Wengine wangelia na kusahau. Travers, akiwa na miaka zaidi ya 60, mwaka 1984 alianzisha pamoja na mkewe na mwana wao Will shirika la Zoo Check, ambalo baadaye liliitwa Born Free Foundation. Aliacha kutafuta sifa za sinema, akazunguka Ulaya na kamera yake kuwapiga picha wanyama waliorukwa akili kwa kufungiwa: dubu anayetikisa kichwa mchana kutwa, tembo anayepepesuka pale pale aliposimama. Alifariki usingizini nyumbani kwake Surrey tarehe 29 Machi 1994, akiwa na miaka 72.

Kwa nini tunamkumbuka hapa kwetu? Hatusemi kwamba upendo wake ulimgharimu sawa na unavyomgharimu mkulima wa Pawaga. Travers hakuwa na shamba la kuliwa usiku, na anayemtetea tembo leo hana budi kumtetea pia mama anayelala macho akilinda mahindi yake. Tunamkumbuka kwa sababu alijua kwamba majuto pekee hayatoshi. Tunafundishwa kwamba toba ya kweli hudai malipizi. Pole Pole hakuweza kurudishiwa uhai, lakini aliyemwacha aende aliwalipa wengine kile alichoshindwa kumpa yeye. Nasi kila mmoja ana Pole Pole wake, aliyemwacha aende kwa sababu iliyoonekana nzuri siku ile. Tujiulize tumemlipa nani.