Fundi Konde: Mtoto wa pwani aliyeliweka kando gitaa kavu

Machochwe, Serengeti. Sherehe za huku Ukuryani ubishi ni ule ule: wazee wanataka iritungu, vijana wanataka spika. Kumbe ubishi huu ni wa zamani. Fundi Konde alikutana nao zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Alizaliwa mwaka 1924 pwani ya Kenya, Mgiriama. Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta kijana, akaingia kikosi cha burudani cha jeshi na kupelekwa Asia kuwaimbia askari wa Afrika Mashariki. Vita ilipoisha akatua Nairobi, akaanza kurekodi santuri na Peter Colmore.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mgumu.

Gitaa kavu halina masharti. Unalibeba begani, unapiga popote, hata chini ya mwembe. Shida yake, ukumbi ukijaa watu halisikiki. Tarumbeta moja tu inalimeza.

La umeme ni habari nyingine. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku iliyozungushiwa waya. Uzi ukitikisika, waya unatoa umeme kidogo, amplifaya inaukuza mpaka ukumbi mzima unasikia. Ila umeme ukikatika, umeshika ubao tu.

Na miaka hiyo umeme ulikuwa wa mjini. Kuchagua gitaa jipya ni kama kukubali kwamba kijijini hutapiga tena.

Konde akalichagua. Anahesabiwa kuwa Mkenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Nyimbo zake kama Tausi na Mama Sowera zikavuka mipaka.

Utamu uko hapa: santuri zenyewe zilipigwa kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, isiyohitaji umeme. Kwa hiyo gitaa lililoshindwa kufika kijijini lilifika ndani ya santuri.

Baadaye muziki ulibadilika, jina lake likafifia. Miaka ya 1990 akarudi studio na Them Mushrooms, na mwaka 1994 zikakusanywa nyimbo zake za 1947 hadi 1956. Alifariki mwaka 2000.

Alibadilisha chombo, lakini Kiswahili chake na sauti ya pwani hakuviacha. Labda hilo ndilo la kuulizana kwanza kabla ya kugombania iritungu na spika.

Wewe ungechagua lipi?