Mtakatifu Yosefina Bakhita: Mtoto Aliyesahau Jina Lake

Kila tarehe 8 Februari Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, bikira na binti wa Afrika. Wengi wetu tunamfahamu kama mtumwa aliyekuja kuwa mtawa. Leo tuyatafakari maisha yake kwa upande usiozungumzwa sana parokiani: majeraha ya moyo na akili, ambayo mwanadamu huyapata mikononi mwa wenzake, na ambayo wenzake pia wanaweza kuyafariji.

Bakhita alizaliwa mnamo mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, nchini Sudan, katika familia yenye heshima na ndugu wengi. Kabla hajatimiza miaka 10 alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Hofu aliyoipata ilikuwa kubwa mno, hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Jina la Bakhita, yaani mwenye bahati, alipewa na watekaji wake.

Aliuzwa na kuuzwa tena, El Obeid na Khartoum. Katika nyumba ya afisa mmoja wa Kituruki alichapwa viboko mara kwa mara, kisha akachanjwa mwilini na vidonda vyake kusuguliwa chumvi. Alibaki na makovu zaidi ya 100. Hayo yalionekana kwa macho. Ya moyoni hakuna aliyeyahesabu.

Mwaka 1883 Callisto Legnani, konsuli wa Italia mjini Khartoum, alimnunua, na kwa mara ya kwanza akakaa katika nyumba isiyokuwa na viboko. Mwaka 1885 alifika Italia, akawa mlezi wa binti wa familia ya Michieli, na baadaye wote wawili wakapokelewa na Masista Wakanosa mjini Venezia. Bibi wa nyumba alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ilitamka kwamba yu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi. Ni mwaka huohuo wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Kilema, juu kidogo ya Himo yetu.

Aliweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896. Kuanzia mwaka 1902 aliishi Schio, akiwa mpishi, mshonaji, mtunza sakristia na mfungua mlango. Watu wa mji ule walimpenda, na watoto walimkimbilia. Alikuwa na kazi yenye heshima, sala, na jumuiya iliyomwita dada.

Hata hivyo, katika ugonjwa wake wa mwisho, mawazo yake yalirudi utumwani, naye akamsihi aliyemuuguza amlegezee minyororo. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Mtakatifu Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Tusilipite jambo hili haraka. Mtawa aliyesali kwa zaidi ya nusu karne bado aliihisi minyororo miguuni. Haikuwa imani haba, lilikuwa jeraha. Basi tunapomwambia ndugu anayeweweseka usiku, au aliyekata tamaa, kwamba hasali vya kutosha, au kwamba ukoo wake una laana, tunamwongezea mnyororo. Anayeumwa akili apelekwe hospitali kama anayeumwa malaria, na sala yetu imsindikize, isichukue nafasi ya daktari.

Hapa Himo, njia panda ya Moshi, Marangu na mpaka wa Holili, tunawaona mabinti wadogo wakishuka kwenye mabasi kwenda kufanya kazi za nyumbani. Wengine hupokelewa vema. Wengine hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza, hawapumziki hata Dominika, na nyumbani hakuna anayewaita kwa majina yao. Wao ni dada wa kazi tu. Binti wa namna hiyo akianza kunyamaza, kulia ovyo au kusahausahau, husemwa kuwa ni mvivu, au amerogwa.

Jumuiya ndogo ndogo zetu zianzie hapo. Kila nyumba yenye binti wa kazi ijiulize: jina lake la Ubatizo ni nani, mama yake yuko wapi, na lini alizungumza naye mara ya mwisho? Bakhita hakulipata tena jina lake la kwanza. Huyu aliye jikoni kwetu bado analo. Tumwite kwalo.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.