Émile de Girardin, mtu aliyeshusha bei ya gazeti ili mwenye tangazo alipe

Msomaji wa leo anafungua habari kwenye simu yake na hamlipi mwandishi kitu. Anayelipa ni mwenye tangazo la bia, la benki au la kampuni ya simu linalojitokeza katikati ya maandishi. Mpango huo ni wa zamani kuliko simu na kuliko redio. Nchini Ufaransa, mtu aliyeufanya kuwa biashara kubwa anaitwa Émile de Girardin. Wiki tatu tu baada ya kuuanzisha, mkuu wa gazeti jingine alikuwa amelala na risasi tumboni.

Girardin alizaliwa Paris mwanzoni mwa karne ya 19, nje ya ndoa. Baba yake, Alexandre de Girardin, alikuwa jenerali; mama yake alikuwa mke wa mtu mwingine. Mtoto aliandikishwa kwa jina la Delamothe, akalelewa mbali na wazazi wote wawili. Alipokuwa kijana alijitwalia mwenyewe jina la baba, bila kungoja ruhusa, na mwaka 1827 akatoa riwaya juu ya maisha ya mtoto wa namna hiyo. Hakuwa na urithi wala chama nyuma yake. Alichokuwa nacho ni jicho la kuona kitu ambacho watu wangekinunua kama kingekuwa rahisi.

Gazeti lake la kwanza, mwaka 1828, liliitwa Le Voleur, maana yake Mwizi, na jina halikudanganya mtu. Lilikusanya makala zilizokwisha kutoka kwenye magazeti mengine, likazichapisha upya. Waandishi wa kulipwa hawakuhitajika. Mwandishi yeyote wa Congo aliyekwisha kuona habari yake ikinakiliwa kwenye kurasa kumi kabla ya saa moja kupita ataelewa hasira za wenzake wa wakati ule. Mwaka uliofuata alianzisha La Mode, gazeti la mavazi na maisha ya wakubwa wa Paris. Kisha, 1831, akatoa jarida la mwezi la maarifa ya kazi na nyumbani kwa franka 4 tu kwa mwaka. Wasomaji waliolilipia walipita 100,000, idadi ambayo hakuna gazeti la siasa lililokuwa limeikaribia. Mwaka huohuo alimuoa Delphine Gay, mshairi mwenye jina kubwa kuliko lake wakati ule.

Ili kuelewa kilichofuata, lazima kujua gazeti la kila siku lilikuwa kitu gani. Lilikuwa na kurasa nne, halikuuzwa moja-moja njiani, na msomaji alilipa mwaka mzima mbele: franka 80. Kwa kibarua wa Paris hiyo ilikuwa karibu mshahara wa mwezi mzima. Wengine walisomea kwenye vyumba vya kusomea na kwenye mikahawa, nakala moja ikipita mikononi mwa watu wengi. Kila gazeti lilikuwa sauti ya kundi fulani la siasa, na watu wa kundi hilo ndio waliolilisha. Magazeti yote ya kila siku ya Paris, ukiyaweka pamoja, yalikuwa na walipaji karibu 70,000.

Tarehe 1 mwezi wa saba 1836, Girardin alitoa La Presse kwa franka 40 kwa mwaka, nusu ya bei ya wengine.

Pesa hizo hazikutosha kulipa karatasi, wachapaji, posta na ile kodi ya muhuri ambayo serikali ilitoza kwa kila nakala. Yaani kila msomaji mpya, peke yake, alikuwa hasara. Lakini Girardin alipiga hesabu kutoka upande mwingine. Bei ndogo ingeleta wasomaji wengi. Wasomaji wengi wangewavuta wafanyabiashara. Na wafanyabiashara wangenunua nafasi kwenye ukurasa wa nne kwa bei inayopanda kadiri wasomaji wanavyoongezeka. Gazeti likawa na wanunuzi wawili, msomaji anayenunua habari na mfanyabiashara anayenunua macho ya msomaji. Huyu wa pili ndiye aliyeamua kama mlango utabaki wazi.

Siku ileile, mji uleule, lilitoka gazeti jingine kwa bei ileile ya franka 40: Le Siècle, la Armand Dutacq. Dutacq alikuwa mshirika wa Girardin katika kuutengeneza mpango huo, kisha wakaachana, na kila mmoja akaondoka na hesabu zilezile mfukoni. Kwa hiyo ushindani haukungoja hata siku moja. Le Siècle liliegemea upinzani, likapendwa na wenye maduka na wafanyakazi wa ofisi, na kufika mwaka 1846 lilikuwa na walipaji zaidi ya 30,000, mbele ya La Presse. Aliyepata jina ni Girardin. Aliyepata wasomaji wengi zaidi, kwa miaka hiyo, ni Dutacq na waliomfuata.

Magazeti ya zamani yaliona hatari mara moja. Kama msomaji anaweza kupata gazeti kwa nusu ya bei, nani ataendelea kulipa franka 80? Wakaanza kumshambulia Girardin kama mchuuzi anayeingiza biashara ya soko kwenye kazi ya heshima. Mmoja wao, Le Bon Sens, alimshambulia vikali mpaka akampeleka mahakamani. Hapo akaingia Armand Carrel, mkuu wa Le National, mwandishi aliyeheshimiwa na wapenda jamhuri wote. Carrel aliandika maneno machache kutetea wenzake. Girardin akajibu kwa namna iliyoonyesha kwamba angeweza kufichua mambo ya ndani ya maisha ya washindani wake. Carrel akaona heshima yake imeguswa. Desturi ya wakati huo ilijua njia moja ya kumaliza jambo kama hilo.

Walikutana msituni Vincennes tarehe 22 mwezi wa saba, kila mmoja na bastola na mashahidi wake. Wote wawili walifyatua. Girardin alipigwa kwenye paja. Carrel alipigwa chini ya tumbo, akabebwa hadi nyumba moja ya Saint-Mandé, akafa siku mbili baadaye. Vitabu vingi husimulia kisa hicho kama ugomvi wa heshima, na heshima ilikuwamo kweli. Lakini chanzo chake kilikuwa bei ya gazeti. Girardin alibeba kifo hicho maisha yake yote. Baada ya hapo hakukubali tena pambano la bastola na mtu yeyote, hata alipotukanwa hadharani.

La Presse lilibaki na swali la kila mwezi: jinsi ya kuwazuia wasomaji wasihame. Jibu moja lilitoka nyumbani. Chini ya jina la mwanaume, vicomte de Launay, Delphine aliandika safu juu ya maisha ya Paris, mavazi, michezo ya jukwaani na tabia za watu. Ilikuwa na ucheshi na makali, na wengi waliisoma kabla ya habari za bunge. Naona mchango wake kwenye kuliweka gazeti hilo hai hausemwi vya kutosha.

Jibu la pili lilikuwa riwaya ya vipande, leo kidogo na kesho kidogo. Mwezi wa kumi 1836 La Presse lilianza kutoa riwaya ya Balzac kwa njia hiyo, na baada ya muda kila gazeti lilitafuta mwandishi wake. Alexandre Dumas alitoa Les Trois Mousquetaires kwenye Le Siècle mwaka 1844. Mwaka huo Le Constitutionnel, gazeti lililokuwa linakufa likiwa na walipaji chini ya 4,000, lilipata mmiliki mpya, Dr Véron. Alimlipa Eugène Sue franka 100,000 kwa riwaya moja, na walipaji wakapita 20,000. Msomaji alikuwa amejua nguvu yake. Balzac mwenyewe aliionja: riwaya yake juu ya wakulima ilipowachosha wasomaji wa La Presse, ilikatwa, na nafasi ikapewa Dumas. Leo tunahesabu mibofyo. Wao walihesabu barua za malalamiko.

Upande wa matangazo haukuwa safi hivyo. Mbali na tangazo la wazi la ukurasa wa nne, kulikuwa na ile Wafaransa waliyoiita réclame, maneno ya sifa yaliyolipiwa lakini yamevaa nguo za habari. Girardin mwenyewe alitumia nguvu za magazeti yake kusukuma biashara alizoshiriki. Hisa za mgodi wa makaa ya mawe wa Saint-Bérain ziliwatia watu wengi hasara, jambo likafika mahakamani, na wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha. Kwetu Congo tunaijua ndugu ya desturi hiyo, coupage, ile pesa anayopewa mwandishi na mwenye mkutano ili habari itoke. Tofauti ni kwamba coupage humlisha mwandishi mmoja ambaye mshahara hautoshi au haupo, wakati réclame ililisha gazeti zima. Mwaka 1845 kampuni moja, ya Charles Duveyrier, ilikodi kurasa za matangazo za magazeti makubwa ya Paris, La Presse likiwamo. Kuanzia hapo mtu mmoja asiyeandika habari aliweza kushika pumzi ya magazeti kadhaa pamoja.

Idadi ya wasomaji haikumlinda mtu mbele ya bunduki. Mwezi wa pili 1848, Girardin alikwenda hadi ikulu kumhimiza mfalme Louis-Philippe aachie kiti. Miezi minne baadaye jamhuri mpya, kwa mkono wa jenerali Cavaignac, ilimtia jela bila kesi na kulifunga La Presse mpaka mwezi wa nane. Alilipiza kwa kumuunga mkono Louis-Napoléon kwenye uchaguzi wa raisi, na huyo naye akamfukuza nchini baada ya kuipindua jamhuri mwishoni mwa 1851. Girardin aliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Delphine alikufa 1855. Mwaka 1856 aliuza sehemu yake ya La Presse kwa Moïse Millaud, mtu wa benki.

Millaud aliipeleka hesabu ya Girardin mbele zaidi. Mwezi wa pili 1863 alianzisha Le Petit Journal, lililouzwa moja-moja njiani kwa santimu 5. Halikugusa siasa, kwa hiyo halikulipa kodi ya muhuri. Lilijaa mauaji, kesi, mioto na riwaya, na mashine za Hippolyte Marinoni zililichapa kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Kipindi cha kesi ya muuaji Troppmann, 1869 na 1870, nakala zilipita 400,000 kwa siku. Ukimya juu ya serikali ulikuwa sehemu ya bei hiyo, jambo ambalo wasifu wa magazeti ya bei rahisi huwa wanalipita haraka.

Hata hivyo Millaud alikufa 1871 akiwa na madeni. Girardin, ambaye katikati alikuwa amejaribu tena na gazeti la La Liberté, aliungana na Marinoni na wengine mwaka 1873, wakalinunua Le Petit Journal. Mzee huyo sasa alikuwa na kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: wasomaji laki kadhaa kila siku, wengi wao watu wadogo wa mijini na vijijini. Mwaka 1877, raisi Mac-Mahon alipolivunja bunge, Girardin alipiga kampeni upande wa jamhuri kupitia gazeti lake jingine, La France, na upande huo ukashinda. Yeye mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Paris, na akapewa kuongoza tume iliyoitayarisha sheria mpya ya vyombo vya habari.

Alikufa Paris tarehe 27 mwezi wa nne 1881. Sheria hiyo ilitiwa sahihi tarehe 29 mwezi wa saba, ikaondoa ruhusa ya serikali na dhamana ya pesa kwa anayetaka kufungua gazeti. Juu ya mkataba kati ya gazeti na mnunuzi wa ukurasa wa nne haikusema kitu. Karibu na mwaka 1890 Le Petit Journal lilifika nakala milioni moja kwa siku, na bei yake ilikuwa bado santimu 5.