Robert Serumaga: mcheza teatri aliyekimbia, akarudi, akakimbia tena

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu leo tunatoka Maniema tunaenda Uganda. Tunawaletea Robert Serumaga, mcheza teatri, mwandishi na kiongozi wa kundi la michezo. Alikufa zamani, mwaka wa 1980. Lakini mambo aliyoyacheza mbele ya watu, sisi wa Salamabila tunayajua bila kufundishwa: kukimbia, kungojea habari za nyumbani, kurudi, na kukuta nyumbani si vile ulivyopaacha.

Serumaga alizaliwa mwaka wa 1939, Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza. Alienda kusoma uchumi huko Dublin, Ireland, katika chuo kikuu cha Trinity College. Mtu mwenye diploma ya namna ile, jamaa wanamtazamia akae ofisini, mshahara uingie kila mwezi. Yeye alirudi Kampala katikati ya miaka ya 1960, na nguvu zake nyingi akazitia katika teatri. Alianzisha kundi lililoitwa Theatre Limited. Hakuandika tu na kuwaachia wengine wacheze. Alipanda jukwaani yeye mwenyewe, na katika michezo yake alichukua nafasi za watu wazito: watu wenye siri, wenye woga, watu ambao vita viliwavunja ndani hata kama nje wanaonekana wazima.

Mchezo wake unaotugusa zaidi ni The Elephants, wa mwaka wa 1970. Jina lenyewe linatukumbusha ile methali ya tembo wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia. Ndani yake kuna kijana mkimbizi, Maurice, mchoraji wa picha. Yuko kwa rafiki yake David, msomi wa chuo kikuu. Wazazi wa Maurice walikwisha kuuawa kule kwao, lakini Maurice hajui. David anamficha. Anaandika barua za uwongo, kana kwamba zinatoka kwa baba na mama, ili kijana aendelee kuishi kwa matumaini. Kisha anaingia msichana Mmarekani, Jenny, anayetaka kuolewa na Maurice, na ile siri haiwezi kukaa tena. Pale ndipo watazamaji wanaona jambo gumu: David naye ana jeraha lake la tangu utoto, na uwongo ule alikuwa anauhitaji yeye mwenyewe kuliko Maurice.

Tunasimama hapa kidogo. Katika kazi yetu ya kuzunguka vijijini, tumekutana na jambo hili sana. Familia inapata habari kwamba mzee alifia porini, na inamficha mama kwa sababu ana mimba, au kwa sababu bado yuko mbali. Miezi inapita. Yule mama anarudi, anauliza bwana yuko wapi, na kila mtu anatazama chini. Hatusemi waliomficha ni wabaya. David naye hakuwa mbaya. Serumaga aliuchukua uwongo wa huruma, akaonyesha mzigo wake unamwangukia nani.

Mwaka wa 1971 aliandika Majangwa, juu ya mpiga ngoma na mke wake. Walikuwa wasanii wa heshima, wakaishia kujidhalilisha barabarani ili watu wawatupie sarafu. Mwaka ule ule, mwezi wa kwanza, Idi Amin alichukua utawala kwa nguvu ya jeshi. Kuanzia hapo, kusema wazi kukawa hatari.

Serumaga alifanya nini? Alipunguza maneno. Pamoja na kundi lake jipya, Abafumi, yaani wasimulizi, alifundisha vijana kusema kwa mwili: ngoma, pumzi, kelele, ukimya. Katika Renga Moi, ya 1972, shujaa amepata watoto mapacha. Kwa desturi haruhusiwi kumwaga damu mpaka sherehe ya mapacha iishe, lakini adui wameingia kijijini. Achague watoto au achague kijiji? Mchezo huo ulifika hata London mwaka wa 1975. Amayirikiti, ya 1974, yenye jina la mti wa maua mekundu, ilichezwa karibu bila maneno kabisa. Waganda walioitazama walielewa ni vifo vya nani vinavyoonyeshwa.

Hatari haikuwa ya mchezo. Mwaka wa 1977 Byron Kawadwa, mkubwa wa jumba la teatri la taifa la Kampala, aliuawa na watu wa Amin baada ya kurudi kutoka tamasha la sanaa la Lagos. Serumaga naye aliishia uhamishoni, Nairobi.

Mwaka wa 1979 alikuwa kati ya Waganda waliokutana Moshi, Tanzania, kupanga Uganda baada ya Amin. Kampala ilipokombolewa mwezi wa nne, alirudi akafanywa waziri wa biashara katika serikali ya Yusuf Lule. Furaha haikudumu. Lule aliondolewa baada ya siku 68 tu, na Serumaga akashika tena njia ya Nairobi. Huko ndiko alikofia, mwezi wa tisa 1980.

Kwetu waliorudi, maisha yake yanaonyesha kwamba kurudi si kazi ya siku moja ya kushuka na mizigo. Hata waziri alirudi, na bado hakupata mahali pa kukaa. Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wasihesabu tu mabati na majembe. Vijana wetu wanaocheza teatri siku ya soko wanasema mambo ambayo katika mkutano hakuna anayeinua mkono kuyasema. Na ninyi wanachama, mkiwa na habari nzito ya mwenzenu, njooni tukae pamoja na wazee, tutafute namna ya kumwambia, na watu wa kubaki naye usiku ule.