Paul Bomani, karani aliyetoka Mwadui akashika mizani

Mwaka jana nilikuwa Geita kwa mazoezi ya kufundisha. Nikapewa Historia Kidato cha Tatu, mada ya vyama vya wakulima enzi za mkoloni. Nikaandika ubaoni jina la Paul Bomani na kuuliza nani anamfahamu. Darasa kimya. Kijana mmoja wa nyuma akabahatisha kwamba huenda ni mwenye duara. Walicheka, na mimi nikacheka, maana huku kwetu Kanda ya Ziwa ukitaja mtu aliyeanza bila kitu akafika mbali, vijana wanawaza dhahabu kwanza. Kumbe hakukosea sana. Bomani naye alipita mgodini, ila yeye aliondoka.

Alizaliwa mwaka 1925 Ikizu, upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista. Alisoma shule za misheni, na mwaka 1945 akawa karani Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa almasi wa Dk. John Williamson. Kwa kijana Mwafrika wa wakati ule, hiyo ilikuwa kazi ya kutambia kijijini: mshahara kila mwezi, shati jeupe, kalamu mfukoni. Sisi tunaosubiri ajira za walimu tunajua uzito wake. Lakini mwaka 1947 aliiacha, akaenda Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Chama chenyewe kilikuwa kidogo, watu wenye vijiduka. Ningekuwa mama yake ningelia.

Hapo ndipo habari ya mizani inapoanza, na kwangu ndiyo habari yenyewe. Usukumani pamba ilikuwa ikiuzwa kwa wanunuzi binafsi, wengi wao wenye asili ya Kihindi, wenye maduka na vinu vya kuchambulia. Mkulima alipalilia, akavuna, akachambua pamba safi na fifi, akabeba mzigo kichwani hadi kituoni. Akifika, mizani ni ya mnunuzi, anayesoma ni mnunuzi, anayesema hii ni fifi ni mnunuzi. Wengi hawakujua kusoma namba. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa kila mahali, na hata muuzaji aliyepimiwa kwa haki hakuwa na namna ya kujua kwamba amepimiwa kwa haki.

Jibu lililopatikana ni rahisi mpaka unashangaa kwa nini halikuja mapema. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, vijana wanaojua kusoma, wenye mizani yao. Unapima kwanza kwa ndugu yako, unajua uzito wa mzigo wako, ndipo unakwenda kwa mnunuzi. Akisoma pungufu, unabeba mzigo wako. Chama alichokuwa katibu wake Bomani kilikuwa miongoni mwa waliosukuma jambo hili. Hakikuhitaji bunduki wala hotuba, kilihitaji karani mwaminifu na chuma kisichodanganya. Mkulima aliyeona namba mbili tofauti kwa mzigo mmoja hakuhitaji kufafanuliwa ukoloni ni nini.

Kutoka kwenye mizani wakafika kwenye vyama vya msingi. Mwaka 1952 Bomani aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, mwaka 1953 akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho kubwa, VFCU, yeye akiwa meneja mkuu. Alikuwa na miaka 30. Mwaka uliofuata shirikisho likawa na kinu chake cha kwanza cha kuchambulia pamba, na kinu hicho kilikuwa Kasamwa, hapohapo Geita. Kufikia mwisho wa miaka ya 50 pamba yote ya jimbo ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya wakulima wenyewe. Kuna watakaosema huyu basi si mfanyabiashara, kwani hakutajirika yeye. Sawa, lakini mtu anayenunua, kuchambua na kuuza mazao ya nusu ya Kanda ya Ziwa sijui tumwite nani.

Wakati huo TANU ilipigwa marufuku Usukumani, tangu 1954 hadi 1958. Kwa hiyo vituo vya pamba vilikuwa karibu mahali pekee ambapo watu wangeweza kukusanyika kwa maelfu na kuwa na viongozi wao. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walipoandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mseto walilowekewa na serikali, walikuwa watu ambao tayari walishazoea kujipanga.

Ya serikalini nayapitia haraka, yameandikwa kwingine. Waziri wa Kilimo mwaka 1960. Mwaka 1962 akampokea Sir Ernest Vasey Wizara ya Fedha, Mwafrika wa kwanza kuishika. Nchi haikuwa imetoka vitani, lakini wasomi walikuwa wa kuhesabika na hazina ilikuwa nyembamba, na karani wa Mwadui ndiye aliyesimama bungeni kusoma bajeti.

Halafu ukaja uchaguzi wa 1965. Chama kimoja, wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Bomani akagombea kwao Mwanza, Waziri wa Fedha, mwanzilishi wa VFCU, na akashindwa. Watu walewale! Nilipofika hapa darasani wanafunzi waliguna, na mimi niliposoma mara ya kwanza niliguna hivyohivyo.

Mimi naona ni mizani ileile. Kufikia miaka hiyo mkulima akifika kituoni anakuta bei imeshakatwa: gharama za chama, za shirikisho, za bodi, ushuru. Mwizi wa zamani alikuwa na sura na duka. Wa sasa alikuwa karatasi yenye mistari mingi, na aliyeisoma alikuwa mtoto wa kijiji kilekile. Malalamiko yalizidi hadi mwaka 1966 Rais akaunda kamati ya kuchunguza ushirika nchi nzima. Mwaka 1968 VFCU ikageuzwa kuwa Nyanza. Bomani kwa muda mrefu alikuwa Dar es Salaam, na sidhani kama alikula senti ya mtu. Lakini aliwafundisha wakulima kutomwamini anayeshika mizani, na somo wakalielewa hadi kwa mwalimu wao.

Mwalimu Nyerere hakumwacha. Alimpa Wizara ya Mambo ya Uchumi na Mipango, baadaye Biashara na Viwanda, na mwaka 1972 akampeleka Washington kuwa balozi. Alikuwa kule bado, mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri moja na kukabidhi pamba kwa mamlaka ya serikali. Natamani kujua usiku ule alilalaje. Alirudi mwaka 1983 akawa waziri tena, na mwaka 1984 vyama vikarudi, Nyanza kwa Mwanza, SHIRECU kwa Shinyanga, vikiwa dhaifu kuliko vilivyoondoka.

Uzeeni alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwatunuku digrii watoto wa wakulima. Alifariki mwaka 2005.

Baada ya kipindi yule kijana wa nyuma alinifuata hadi mlango wa ofisi ya walimu. Kaka yake anachimba, na dhahabu wanaiuza kwa broka mwenye kimizani cha mfukoni. Akaniuliza, ticha, pale anayepima mara ya kwanza ni nani? Nikamwambia kipindi kijacho tutaanzia hapo. Wiki iliyofuata wakaingia mitihani, na muda wangu Geita ukaisha.