Mwalimu Nyerere na kura tatu



Ukipita Mtaa wa Lumumba pale Kariakoo, katikati ya mabango ya simu na viatu, unapita mahali TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu wa sekondari ya Mtakatifu Francis, Pugu, shule ya mapadre. Alikuwa amebatizwa Desemba 1943, akiwa na miaka 21, kwa jina la Julius. Yaani Ukatoliki aliuchagua akiwa mtu mzima.

Kutoka Pugu hadi Kariakoo si karibu, wenye kupanda daladala mnajua. Mjini alipokelewa na Waislamu, akina Abdulwahid Sykes, aliyekuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Hilo huwa tunalisahau tukimsimulia kama "wa kwetu". Mwaka 1955 ilibidi achague, ualimu au siasa. Akaacha mshahara, huku ana mke na watoto.

Sasa njoo kwenye kura. Waingereza walipokubali uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, waliweka masharti. Ili upige kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Hebu fikiria mama muuza vitumbua wa Kariakoo angepitia wapi hapo! Halafu kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na mtu mmoja wa asili ya Asia. Ukiacha mmoja, kura yako imeharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama elfu 20 tu, lakini viti ni sawa kwa sawa. (Marekani nako, kusini, watu weusi walikuwa wanazuiwa kwa mitihani ya kusoma na kuandika, mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965.)

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Wengi walitaka kususia, na kusema kweli hasira yao ilikuwa ya haki. Kuingia kwenye uchaguzi wa namna ile ilikuwa kama kukubali kwamba ngozi ya mtu ina bei. Mwalimu aliona hatari nyingine: wakisusia, viti vyote vitaenda kwa chama cha UTP kilichopendwa na gavana, na sheria ile itaendelea kuwepo. Akawaomba waingie ili waivunje kwa ndani. Mjadala ulikuwa mkali. Alishinda, ila Zuberi Mtemvu akaondoka na kuanzisha chama chake.

Na zile kura mbili za lazima? TANU ikawaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, kama Derek Bryceson, Lady Chesham na Sophia Mustafa. Katikati ya hayo Mwalimu alishtakiwa Dar es Salaam kwa makala aliyowakosoa maofisa wawili wa serikali, akatozwa faini. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ukaisha kwa ushindi mkubwa wa TANU, na kura tatu hazikurudi tena.

Lakini kwangu mimi mtihani wake mgumu ulikuja Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Safari hii waliomkabili walikuwa watu wake mwenyewe. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa weusi tu. Baada ya yote yaliyowapata, unaweza kuwaelewa. Ingekuwa rahisi kwake kunyamaza, apigiwe makofi. Badala yake aliwaambia wazi kuwa kumpima mtu kwa rangi ni kosa lilelile walilolipinga, na kwamba muswada ukikataliwa serikali yake itajiuzulu.

Baadaye akiwa Rais aliitumia sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na chama kikabaki kimoja. Kanisa linalochunguza maisha yake, kama Mtumishi wa Mungu, linayaangalia na hayo pia. Siku ile ya Oktoba, hata hivyo, alisimama, na muswada ukapita.